Maji Yaliyotoka Ndani: Kisa cha Trela la Chozi Katika Hatua za Kumalizia

Trela hili lililetwa kwenye karakana yangu, pembezoni mwa jiji la Minneapolis, katika juma la mwisho la Septemba, likiwa linang'aa kwa nje na kunuka uvundo kwa ndani. Mwenyewe ni kijana mzaliwa wa Tanga, muuguzi wa zamu za usiku, aliyelijenga kwa mikono yake kwa muda wa miezi 14 ndani ya gereji ya nyumba aliyopanga. Yeye na mkewe walikuwa wamelala humo siku 3 katika hifadhi ya jimbo kandokando ya Ziwa Superior, na kila asubuhi waliamka wakiwa na blanketi zenye unyevu, godoro lililolowa upande wa chini, na michirizi ya maji kwenye dari juu ya mito. "Mjomba," aliniambia kabla hata hajazima gari, "nimeziba kila tundu, na bado linavuja." Nilimwomba aniandikie orodha ya matundu yote aliyoyaziba, kwa sababu nilikwisha kuhisi kwamba orodha hiyo ndiyo tungeanza nayo kazi.

Kwa asiyelifahamu, trela la chozi ni chumba kidogo cha kulala kinachovutwa na gari, chenye umbo la tone la maji: mbele limeviringika, na nyuma linateremka taratibu hadi kwenye jiko lililofichwa chini ya kifuniko kinachoinuliwa kama buti la gari. Matrela ya namna hii yalianza kujengwa Marekani katika miaka ya 1930, yakaenea zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo wengi huyajenga wenyewe kwa kuwa vipimo vyake hufuata karatasi za plaiwudi za futi 4 kwa 8, na kwa kuwa hata gari la kawaida la familia huweza kuyavuta. La kijana huyu lina upana wa futi 5, urefu wa futi 10 na kimo cha futi 4. Mbavu zake za kando ni plaiwudi ya milimita 19. Dari ni plaiwudi ya milimita 3 iliyopindwa juu ya mataruma ya mbao. Juu ya dari kuna povu gumu la inchi 1 la kuzuia baridi, na juu ya vyote kumelazwa bati la alumini la unene wa milimita 1. Ukiondoa jiko, chumba cha kulala kinabaki na hewa ya mita 3 hivi za ujazo. Namba hiyo tutairudia.

Kazi nzito ya ujenzi ilikuwa safi. Niliikagua fremu ya chuma, viungo vya mbao na mpindo wa dari, nisione mahali pa kumkosoa. Makosa yote yalitendeka katika majuma 6 ya mwisho, muda ambao wengi huuhesabu kuwa wa mapambo, nami nauona kuwa ndio unaoamua kama chombo kitadumu miaka 20 au kitaoza katika miaka 3. Katika majuma hayo alipaka vanishi, akafunga ukingo wa alumini unaofunika maungio ya ubavu na dari, akaweka milango miwili na feni ya dari, akaning'iniza kifuniko cha jiko kwenye bawaba yake, akapitisha nyaya za taa, akajenga makabati ya jikoni, akaweka betri na tangi la maji. Mvua ya kwanza ilipoacha doa kwenye kona ya jiko, alinunua mirija ya silikoni na kuziba kila alipopatilia shaka: kichwa cha kila skrubu, ncha mbili za bawaba, mshono wa chini wa kifuniko, na mwishowe hata feni ya dari, ambayo aliifunika kwa plastiki na gundi ya karatasi ili baridi isiingie.

Mimi nimekulia Lamu, na kabla sijawa seremala wa nyumba katika jimbo hili la theluji nilishika nyundo ya kalafati kwa mjomba wangu, aliyekuwa akiunda na kukarabati majahazi huko Matondoni. Mafundi wale walikalafati kila mshono kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, kwa uangalifu ambao sijauona tena popote, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeshusha chombo majini akiamini kwamba maji hayataingia kamwe. Ndiyo maana chombo kina ngama, mahali pa chini kabisa panapopokea maji yote, na kina mtu wa kuyafua. Trela la kijana huyu lilikuwa limekalafatiwa kila upande na halikuwa na ngama. Nililishuku hilo tangu siku ya kwanza, ingawa ilinichukua siku 4 kulithibitisha na majuma 3 kulirekebisha.

Kutenganisha maji na maji

Fundi anayekabidhiwa trela lenye unyevu hupotea mapema akidhani kwamba maji yote yana asili moja. Hapa palikuwa na alama tatu: unyevu wa darini na chini ya godoro, doa kwenye kona ya kushoto ya jiko, na mstari mweusi juu ya plaiwudi, chini kidogo ya ukingo wa alumini wa ubavu wa kulia. Mwenyewe alizihesabu zote kuwa uvujaji mmoja unaosafiri. Niliamua kuzichukulia kuwa kesi tatu hadi zitakapothibitika kuwa moja.

Kwa alama ya kwanza nilibandika kipande cha plastiki angavu cha sentimita 30 kwa 30 kwenye dari juu ya mito, nikakifunga kwa mkanda pande zote nne, kisha nikawaomba yeye na mkewe walale uani kwangu usiku mmoja huku nje kukiwa na nyuzi 4 za selsiasi. Asubuhi plastiki ile ilikuwa na matone upande unaotazama chumba, na nyuma yake plaiwudi ilikuwa kavu kabisa. Kama maji yangekuwa yanapenya kutoka nje, yangekutwa nyuma ya plastiki. Yalikuwa yametoka ndani, kwenye pumzi zao.

Hesabu yake haina utata. Watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na ngozi zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, na hewa ya nyuzi 5 haifikishi gramu 7. Kwa hiyo zile mita 3 za ujazo, hata zikishiba kabisa, hubeba gramu 51 tu, ilhali waliolala ndani wameongeza gramu 500 na zaidi. Zinazobaki lazima zitue mahali, nazo hutua penye baridi: kwenye fremu ya dirisha, kwenye kichwa cha skrubu kilichotokeza ndani, kwenye dari, na kwenye sakafu chini ya godoro ambako hewa haipiti. Kadiri trela linavyozibwa vizuri ndivyo linavyotoka jasho zaidi, na hili lilikuwa limezibwa vizuri mno.

Kulikuwa na jambo lililonitia hofu kuliko unyevu. Mtu aliyelala hutoa pia lita 12 hivi au zaidi za kaboni dioksidi kwa saa. Katika chumba cha lita 3,000 kisicho na pa kupumulia, watu wawili huiongeza gesi hiyo kwa karibu asilimia 1 ya hewa kwa kila saa inayopita, hali hewa ya nje haina hata sehemu ya ishirini ya kiasi hicho. Nilipomwuliza kama waliamka na vichwa vizito, mkewe ndiye aliyejibu, kwamba waliamka hivyo asubuhi zote tatu na wakadhani ni uchovu wa safari. Kilichowasalimisha ni mianya ya mlango ambayo raba yake haikukaa sawasawa. Yaani waliokolewa na kasoro ambayo mwenyewe alikuwa amepanga kuiondoa juma lililofuata.

Kisha nikakiona kijiko cha gesi, yaani jiko dogo la kupashia joto, kimewekwa kwenye kabati karibu na kichwa cha kitanda. "Mjomba, tunakiwasha dakika 20 tu kabla ya kulala," alisema. Nilimwambia kwamba sitagusa skrubu hata moja ya trela lile hadi kitoke. Kila kilo 1 ya gesi ya propeni inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa hiyo walikuwa wakijimwagia maji darini kabla hawajalala. Na katika chumba kilichozibwa moto huo ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Yeye ni muuguzi, anaijua gesi hiyo kuliko mimi. Alinyamaza kidogo, akakitoa, akakipeleka kwenye gari.

Kwa alama ya pili na ya tatu tulitumia mpira wa maji. Kanuni yake ni kuanza chini na kupanda juu, dakika 10 kila sehemu, kwa sababu ukianza juu maji hutiririka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Yeye alisimama nje na mpira, mimi nikajikunja ndani ya jiko na tochi, kifuniko kimefungwa. Sehemu za chini zilipita salama. Tulipofika kwenye bawaba, dakika ya nne, niliona tone likikua polepole kwenye ncha ya kushoto, likaning'inia, likaangukia kabati. Likafuata la pili, la tatu, kisha mstari mwembamba usiokatika. Upande wa kulia, kipimo cha unyevu wa mbao kilisoma asilimia 24 chini ya ukingo wa alumini, hali sehemu nyingine za ubavu zilisoma 10 au 11. Mbao inayokaa juu ya asilimia 20 kwa muda mrefu huanza kualika kuvu, na ule mstari mweusi ndio uliokuwa mwanzo wake.

Bawaba ambayo ni mlizamu

Bawaba ya kifuniko cha trela la chozi ni ukanda mmoja mrefu wa alumini unaokwenda kutoka ubavu hadi ubavu, wenye pande mbili zinazoshikana kwa kupachikana. Mwenyewe alidhani kazi yake ni kuzuia maji yasiingie katika maungio hayo. Ukweli ni kwamba maji huruhusiwa kuingia. Ndani yake mna mfereji unaoyapeleka kando, nayo humwagika kwenye ncha mbili, nje ya mbavu za trela. Alipozijaza ncha zile silikoni aliufanya mlizamu kuwa birika. Maji yalijaa, yakapanda, yakatafuta tundu la skrubu lililo karibu zaidi, yakaingia jikoni. Uvujaji wa kwanza, ule uliomtia wasiwasi akanunua silikoni, ulikuwa mdogo na ulitokana na bawaba kukatwa fupi kwa milimita 2, hivyo tone likawa linaangukia kwenye unene wa plaiwudi badala ya kuanguka nje. Dawa ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Kuondoa silikoni kulituchukua siku mbili nzima, na nawasihi wote wanaojenga wenyewe wazihesabu siku hizo kabla hawajaukamua mrija. Silikoni ikishakauka haikubali kitu kingine kuishika vizuri, iwe rangi, epoksi (gundi ya kuchanganywa inayokauka ikawa ngumu) au hata silikoni mpya; kila chembe yake lazima ikwanguliwe kwa kisu cha plastiki, isuguliwe, ifutwe kwa spiriti, kisha isuguliwe tena. Tulikata bawaba mpya iliyozidi mbavu kwa milimita 6 kila upande, tukailaza juu ya mkanda wa butili, ambao ni utepe mlaini mweusi usiokauka na unaoendelea kunyumbulika hata katika baridi kali, tukakaza skrubu kidogo kidogo kuanzia katikati kuelekea kando hadi butili ikachungulia kwenye kingo. Ncha tuliziacha wazi. Nilimwona kijana akizitazama ncha zile kwa mashaka, mkono wake ukiwa tayari kwenye mrija wa gundi, nikaumwagia maji mfereji ili ajionee yakidondoka chini kwenye saruji, mbali na mbao.

Kifuniko chenyewe kilikuwa na shida ya pili ambayo wajenzi wengi huikuta. Plaiwudi iliyopindwa juu ya mataruma hujinyoosha kidogo ikishafunguliwa kwenye jiliwa, na kifuniko hiki kilikuwa kimejinyoosha kiasi cha kuacha uwazi wa milimita 9 kwenye kona za chini. Mwenyewe aliweka raba mbili, moja juu ya nyingine. Raba nene zaidi huonekana kuwa jawabu, lakini pale juu, ambako hakukuwa na uwazi, raba hizo mbili zilikisukuma kifuniko na kuzidi kukifungua chini. Tulifunga kifuniko juu ya vipande vya karatasi kila baada ya sentimita 20 na kuvivuta kimoja kimoja: vya juu vilichanika, vya chini vilitoka bila kugusa kitu. Tukarudi kwenye raba moja iliyo wazi katikati, tukaongeza komeo mbili za kuvuta kwenye kona za chini, na zile milimita 9 zikashuka hadi 2, ambazo raba moja inazimudu.

Hapo ndipo tulipolitengenezea trela ngama yake. Ndani ya raba, kando ya ukingo wa kila ubavu, tulifunga mfereji wa alumini wenye umbo la herufi U, upana wa milimita 12, unaoshuka kutoka kwenye bawaba hadi sakafu ya jiko, na kila mmoja ukaishia kwenye tundu la milimita 10 linalotokeza chini ya trela. Raba sasa inazuia maji mengi. Yatakayopita yanapokelewa na mfereji na kutolewa. Kumtoboa mtu matundu mawili kwenye sakafu aliyoipaka vanishi mara tano si jambo la kulifanya harakaharaka, na sikulifanya mimi. Nilimpa drili, akatoboa mwenyewe.

Ukingo, bati na ncha za plaiwudi

Mstari mweusi wa ubavu wa kulia ulikuwa na chanzo kingine. Bati la dari lilikuwa limegundishwa lote na kukazwa kwa skrubu zinazobana bila nafasi. Alumini hutanuka kwa joto kuliko mbao: karatasi ya mita 3 ikitoka kwenye gereji ya nyuzi 15 na kusimama juani hadi ifikie nyuzi 60 huongezeka urefu wa milimita 3 hivi, na ikipelekwa kwenye baridi ya Januari ya nyuzi 30 chini ya sifuri hupungua kiasi kama hicho. Plaiwudi chini yake karibu haitikisiki. Bati lisilo na pa kwenda lilikuwa limefanya mawimbi, likaisukuma skrubu moja baada ya nyingine, na matundu yake yakawa mapana upande ule ule unaopigwa na jua la alasiri katika gereji yake.

Sikulibandua bati lote. Kulibandua kungeharibu povu na dari, na mawimbi yale hayavujishi maji. Ni ya kutazamwa tu. Tuliondoa ukingo, tukapanua matundu ya bati hadi milimita 6 kwa skrubu za milimita 4, tukakausha ncha za plaiwudi kwa feni na joto la karakana kwa siku 9 hadi kipimo kikashuka kufikia asilimia 12, tukakwangua mbao iliyogeuka rangi, kisha tukazinywesha ncha epoksi nyepesi mara tatu. Ncha ya plaiwudi hunywa maji kama utambi, na kuipaka mara moja ni sawa na kutoipaka. Ukingo ulirudishwa juu ya mkanda wa butili. Kila skrubu ya chuma kisichoshika kutu ilichovywa kwenye butili kabla ya kuingizwa, kwa sababu barabara za Minnesota humwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi ikikutana na chuma hicho na alumini mahali pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Huko Matondoni misumari ilizungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa. Mkono wangu ulikuwa unarudia kazi uliyoizoea.

Vanishi ya ndani haikuhitaji mengi. Nilimshauri tu aongeze vanishi yenye kinga ya jua juu ya epoksi iliyo wazi kwenye fremu za milango, kwani epoksi peke yake huchujuka na kupauka juani. Plastiki ya feni iliondolewa, na chini, upande wa miguu, tukaweka matundu mawili ya kuingizia hewa yenye wavu wa mbu, ili hewa baridi iingie chini na yenye mvuke itoke juu. Sakafu chini ya godoro tuliitandikia chaga za mbao za unene wa sentimita 2, zikipishana kwa nafasi ya vidole vitatu, mfano wa kitanda cha nyumbani. Mkewe alicheka aliponiona nikizipanga, akasema bibi yake wa Pangani angezitambua mara moja. King'ora cha kaboni monoksidi kilifungwa kwenye ukuta kimo cha mto, ingawa kijiko cha gesi hakipo tena, kwani jiko la kupikia bado liko nyuma.

Uzito uliohamia nyuma

Jambo hili hakuniletea kama malalamiko. Alilitaja akipita tu, kwamba kwenye mteremko mrefu wa Thompson Hill, barabara ya I-35 inapoingia Duluth, trela lilianza kuyumba kushoto na kulia na akalazimika kupunguza mwendo hadi wa baiskeli. Nilisimamisha kazi zote tukaenda kwenye mizani ya malori. Trela lilikuwa na kilo 590 tangi likiwa tupu. Kisha tuliweka kichwa cha kuvutia, yaani ncha ya mbele ya trela inayoshikana na gari, juu ya mizani ya bafuni, trela likiwa limesimama sawa: kilo 38, yaani asilimia 6.4. Uzito unaolala juu ya gari unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ukipungua, mkia wa trela ndio unaoanza kuongoza. Na siku ile ya Duluth tangi la lita 40 lilikuwa limejaa, sentimita 80 nyuma ya ekseli, likipunguza kilo 10 nyingine kichwani. Walikuwa wanateremka kilima kile na asilimia 4.4.

Fremu aliipimia vizuri na ekseli aliiweka mahali pake. Kilichobadilika ni makabati, friji ndogo, tangi na betri, vyote vilivyoingia mwishoni na vyote vikaingia jikoni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Betri peke yake ni kilo 28, nayo ilikuwa sentimita 90 nyuma ya ekseli. Kutoka kwenye ekseli hadi kichwa cha kuvutia ni mita 3.1. Tulipoihamishia kwenye sanduku la chuma mbele, mita 2.5 kutoka kwenye ekseli, ilikuwa imesafiri mita 3.4, na kilo 28 mara 3.4 kugawanya kwa 3.1 ni kilo 31 hivi zilizoongezeka kichwani. Mizani ya bafuni ilisoma 69, yaani asilimia 11.7. Waya mnene na fyuzi iliyo karibu na betri viligharimu alasiri moja. Tangi sasa hujazwa wakishafika.

Taa hazikuwa na makubwa. Nyaya nne zilikuwa zimeunganishwa kwa rangi zake sahihi, kahawia kwa taa za nyuma, njano kwa indiketa na breki ya kushoto, kijani kwa ya kulia, lakini nyeupe, ambayo ndiyo ya kurudishia umeme, ilikuwa imekazwa juu ya rangi ya fremu badala ya chuma kitupu, ndipo taa zilipokuwa zikififia kila anapokanyaga breki. Msasa, skrubu na mafuta ya kuzuia kutu vilimaliza kazi kwa nusu saa.

Safari ya kujaribu

Katikati ya Oktoba walirudi Ziwa Superior, nami niliwafuata kwa gari langu kwa sababu nilitaka kuona. Mvua ilitushika kuanzia nusu ya safari hadi Duluth, na upepo ulikuwa wa mbele kushoto, upande ule ule uliovuja. Thompson Hill waliteremka bila trela kutikisika. Usiku ulifikia nyuzi 2. Feni ilikwenda kwa kasi ya chini kabisa, na asubuhi kipimo cha unyevu wa hewa ndani kilisoma asilimia 58. Dari ilikuwa kavu. Fremu ya dirisha la kulia ilikuwa na ukungu mdogo ambao mkewe aliufuta kwa kitambaa. Tuliinua godoro, sote watatu, tukapitisha viganja juu ya chaga, na mbao zilikuwa baridi lakini kavu.

Kijana alikuwa ameweka kikombe chini ya kila tundu la ngama tulipoegesha jioni, mvua ikiendelea. Cha kulia kilikuwa kitupu. Cha kushoto kilikuwa na maji ya vijiko vinne hivi, na alikishika muda mrefu akikizungusha kwenye mwanga, kisha akafungua kifuniko na kupapasa kabati lote la kona hadi nyuma. Lilikuwa kavu. Akaniuliza kama majira ya theluji yakifika ayazibe yale matundu mawili kwa kizibo, asije akaingia panya. Nilimkatia wavu wa shaba unaotosha matundu yote mawili, nikamwambia ayaache wazi.